Kumjengea mandarini kimbilio la kopepodi, Kampala

Swali: Nafuga samaki wa baharini hapa Ntinda. Tangi langu ni la lita 200, lina mawe hai (vipande vya mwamba wa matumbawe vyenye viumbe ndani) na matumbawe laini machache, na linakaribia mwaka. Nilimnunua samaki aina ya mandarini kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi. Hagusi vidonge wala chakula cha barafu, anadonoadona mawe kutwa nzima, na sasa naona tumbo linabonyea. Nimeambiwa nitengeneze refujiamu, tangi dogo la kuzalishia vijidudu. Nalijengaje? Kabati la chini limejaa, ila pembeni juu ya tangi nafasi ipo. Na vijidudu nivitoe wapi? Shemeji yangu ana mtumbwi Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, anasema maji ya ziwa yamejaa vijidudu, nichote tu. Umeme wetu unaujua mwenyewe.

Jibu: Dada, tuanze na samaki. Kimbilio, yaani hiyo refujiamu, ukilijenga leo halitatoa chakula cha maana kabla ya miezi miwili au mitatu, na mandarini mwenye tumbo lililobonyea hana muda huo. Kwa hiyo kazi ni mbili na zinaanza pamoja: kumlisha huyu kuanzia wiki hii, na kujenga pale pembeni kitu kitakachomlisha mwaka ujao.

Chakula cha wiki hii ni Artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi. Kwa bahati nzuri Uganda ina watotoleshaji wa kambare, nao huwapa vifaranga wao Artemia wachanga siku za mwanzo, kwa hiyo mayai yake makavu huagizwa nchini. Ulizia kwa watotoleshaji na wauza pembejeo za samaki upande wa Kajjansi kabla hujahangaika na kuagiza kutoka ng'ambo. Kata kitako cha chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, igeuze mdomo ukae chini, tia maji ya chumvi ya gramu 25 hadi 35 kwa lita, pitisha hewa itokee chini kabisa, na washa taa karibu. Joto likiwa nyuzi 26 hadi 28, baada ya saa 18 hadi 24 wameanguliwa. Zima hewa dakika kumi: maganda yataelea, mayai mabovu yatazama, na wachanga watakimbilia mwanga. Wavute kwa mpira mwembamba, wasuuze juu ya kitambaa, wape samaki papo hapo. Usiwaweke hadi kesho yake, maana anachofaidi samaki ni kiini cha yai ambacho mtoto bado anacho mwilini, na kila saa inayopita kinapungua.

Shida ya mandarini ni upole wake. Anachunguza, anafikiri, anadona, na wakati huo wenzake wameshamaliza. Tafuta chupa ndogo ya kioo yenye mdomo wa kumtosha yeye tu, ilaze mchangani, halafu ingiza Artemia humo kwa bomba la sindano lililounganishwa na mpira. Huenda siku mbili tatu za kwanza akaipuuza. Akishajifunza ataisubiri. Mpe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, kwa sababu huyu ni samaki wa kula mchana kutwa na hana tumbo la kuwekea akiba.

Sasa kimbilio. Wauzaji wa ng'ambo hulisifia kwa kila jambo: linasafisha maji, linalisha samaki, linatuliza pH, linaficha vifaa. Yote yana ukweli, lakini tangi dogo haliwezi kuyafanya yote vizuri. Anayetaka usafi hujaza mwani, huweka taa kali na kupitisha maji kwa kasi. Anayetaka chakula huweka mawe madogo mengi, hupunguza kasi, na hukubali uchafu kidogo ubaki chini. Wewe unataka chakula. Ukilishika hilo, maamuzi mengine karibu yote yanajipanga yenyewe.

Unachofuga humo hasa ni kopepodi, jamaa wadogo wa kamba, wengi wao chini ya milimita moja. Wapo wanaoelea na wapo wanaotambaa. Anaowatafuta mandarini kwenye mawe ni watambaao, na katika vyupa vinavyouzwa jina utakaloliona mara nyingi ni Tisbe. Jike hubeba mayai kwenye kifuko. Mtoto hupitia hatua sita za uchanga, kisha tano za ujana, ndipo awe mkubwa, na kwenye maji ya nyuzi 25 safari hiyo huchukua kama wiki moja na nusu hadi mbili. Hula utando unaoota juu ya mawe na vioo, mwani mdogo mno wa kijani unaoelea majini, na mabaki. Pamoja nao watakuja amfipodi, wale wakubwa kidogo waliopinda mgongo. Usiwaogope, wengine watakuwa wakubwa mno kwa mdomo wa mandarini, lakini samaki wengine watawashukuru.

Kukosa nafasi chini kusikusumbue, maana kwa kazi hii juu ni pazuri zaidi. Pampu ndogo inapandisha maji kutoka tangi kubwa, nayo yanarudi kwa uzito wake yakiwa na kopepodi. Watu hubishana sana kama pampu inawaua kopepodi. Wadogo wengi hupita salama na wakubwa huumia. Kwako mjadala huo hauna kazi, kwa sababu wanashuka bila kugusa pampu.

Mwambie fundi wa vioo akukatie tangi la sentimita 45 kwa 30, kimo 35. Maji yakifika sentimita 30 unapata lita 40, yaani sehemu moja ya tano ya tangi lako. Kama nafasi inaruhusu lita 60, chukua 60. Kioo cha milimita 6 kinatosha. Tundu la maji kurudi litobolewe kabla ya kuunganisha, na liwe la bomba la inchi moja japo pampu ni ndogo, kwa sababu konokono mmoja au kipande cha mwani kinaweza kuziba bomba jembamba na sebule ikalowa. Silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo itaua unachotaka kufuga. Iache ikauke wiki nzima, jaza maji ya bomba, mwaga, rudia. Likijaa mawe na maji litakuwa na uzito wa kilo 60 hivi, kwa hiyo rafu ya mbao iliyopigiliwa ukutani haifai. Wachomeleaji wa Katwe watakutengenezea kiti cha chuma kizuri. Hiyo ni Katwe ya Kampala. Ile nyingine ya chumvi tutaifikia.

Pampu iwe ya kupandisha lita 150 hadi 200 kwa saa kwa kimo hicho, isizidi. Mpira wake uishie juu ya uso wa maji ya kimbilio, usizame. Ukizama, siku umeme utakapokatika maji yatajivuta kurudi chini na tangi kubwa litafurika. Kwenye tundu la kurudia weka wavu wa plastiki wenye matundu mapana ya kuzuia mwani tu. Usiweke sponji wala soksi ya kuchujia, kwani hivyo hunasa kopepodi wote ukabaki ukijiuliza mbona hawashuki.

Ndani, weka vipande vya mawe vya sentimita mbili hadi tano, virundike ovyo hadi nusu ya kimo. Mianya ndiyo nyumba yao. Mchanga mimi ningeuacha kabisa kwa tangi la ukubwa huu. Mchanga wa kupunguza naitreti unatakiwa uwe na kina cha sentimita kumi au zaidi, na hapo umeshakula theluthi ya nafasi yako.

Mawe tahadhari. Wengi hapa hufikiria chokaa ya Tororo kwa kuwa ipo na ni rahisi. Mawe ya Tororo na vilima vya Sukulu ni chokaa iliyotokana na volkano, na Sukulu inajulikana kwa fosfeti ya kutengenezea mbolea. Kuyatia tangini ni kujipalilia mwani mchafu kwenye vioo miaka mingi. Mawe bora ni ya matumbawe. Chukua machache kutoka tangi lako kubwa uyavunje kwa nyundo ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Tayari yana wakazi, nayo ndiyo mbegu yako ya kwanza, bure.

Mwani weka, lakini kama malazi. Chagua Chaetomorpha, ule unaofanana na nyuzi ngumu zilizosokotana. Kiganja kimoja kinatosha kuanzia. Caulerpa inakua haraka na inavutia macho, ila ina tabia ya kutoa mbegu zake zote kwa mkupuo. Siku moja unaamka imegeuka nyeupe, maji yamekuwa maziwa na oksijeni imeshuka. Nimeona tangi la mtu likiharibika hivyo kwa usiku mmoja. Mwani mkavu wa Zanzibar unaouzwa kwa mapishi umekufa, kwa hiyo hauwezi kuota, ingawa samaki wanaokula majani wataufurahia. Chaetomorpha ikijaza nafasi, toa theluthi, ila kwanza ikung'ute ndani ya ndoo ya maji ya tangi na umwage maji hayo kwenye tangi kubwa. Usipofanya hivyo unatupa mamia ya kopepodi pamoja nayo. Ikianza kupauka na kukatikakatika, pima maji. Mara nyingi naitreti na fosfeti zimefika sifuri na mwani una njaa. Naitreti ya miligramu 5 hivi kwa lita haina ubaya wowote kwa tangi lako.

Taa ya LED ya kawaida nyeupe, ya Kelvini 6500, inatosha. Iwashe usiku, taa ya tangi kubwa inapozimwa, kwa saa 12. Mwani unaofanya kazi usiku hunyonya kaboni dioksidi wakati ambapo tangi kubwa linaitoa, hivyo pH haishuki sana alfajiri. Usitegemee dirisha. Jua la mchana la Kampala litachemsha lita 40 kabla hujarudi kutoka kazini.

Umeme ndio unaofanya tangi la hapa litofautiane na la Mombasa, na si kwa sababu ya kukatika peke yake. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mkandamizo pungufu kwa takriban asilimia 13. Maji hushika oksijeni kwa kadiri hiyo hiyo, na maji ya chumvi tayari hushika kidogo kuliko maji baridi. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa huko pwani yana karibu miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita. Ntinda yana kama 5.8. Kwa hiyo umeme unapokatika usiku unaanza na akiba ndogo kuliko wanayoikadiria waandishi wa vitabu vya ng'ambo, na mwani ukiwa gizani nao unavuta oksijeni. Ukiwa na inveta ndogo, usianze na taa wala hita. Anza na hewa: pampu ya kububujisha kwenye tangi kubwa, moja kwenye kimbilio, zote zinakula wati chache tu. Kama huna inveta, pampu ya hewa ya betri wanayotumia wavuvi wa chambo hai inafaa. Kopepodi wenyewe ni wagumu na watavumilia saa kadhaa bila mzunguko. Atakayetangulia kuumia ni samaki.

Maji sasa. Ya bomba, ya National Water, yana klorini, nayo huua kopepodi na samaki. Kuyaacha wazi kwenye ndoo siku nzima yakibubujishwa huondoa klorini, lakini fosfeti na madini hubaki, kwa hiyo chujio la osmosisi ni gharama yenye maana. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati usiyatumie, kwa sababu mabati hutoa zinki na viumbe hawa hawaivumilii. Chumvi iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari, gramu 35 kwa lita, yaani kama kilo moja na nusu kwa kimbilio lako, ikorogwe siku moja kabla. Chumvi ya jikoni haina kalisi wala magnesi ya kutosha. Na ya Ziwa Katwe, ambayo kila mwaka kuna anayeniuliza, ni chumvi ya ziwa la volkano: imejaa kabonati na salfeti ya sodiamu. Watu wa Kasese wana sababu nzuri za kuithamini, lakini kemia yake si ya bahari. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazie kwa maji matupu yaliyochujwa. Chumvi haipandi na mvuke.

Kuhusu shemeji wa Ggaba, ni kweli kabisa anayosema. Ziwa limejaa kopepodi, na hao ndio wanaomnenepesha mukene, dagaa wa ziwani. Lakini ni wa maji baridi. Ukiwatia kwenye chumvi ya gramu 35 maji ya miili yao yatavutwa nje, watakufa, wataoza, na utakachopata ni amonia. Mwambie akuletee mukene kwa chakula cha jioni.

Mbegu ya nyongeza, mbali na mawe yako mwenyewe, njia nyepesi ni mfugaji mwenzako: omba kiganja cha Chaetomorpha kutoka tangi lenye umri, nacho kitakuja na wakazi. Njia ya pili ni chupa za kopepodi hai, zikiagizwa na mtu anayeleta samaki kwa ndege. Ikifika, iangalie mbele ya taa. Usipoona kinachosogea, irudishe. Watu watakushauri umtume dereva wa basi la Mombasa akuletee mawe hai kwenye jerikeni. Usifanye hivyo. Matumbawe magumu na mawe hai yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyavusha mpaka kunahitaji vibali, na kuyachukua ndani ya hifadhi za bahari za Kenya ni kosa.

Ukiwapata, sawazisha maji kwa kudondosha tone kwa tone kwa saa moja, wamwage usiku huku pampu imezimwa, na uiwashe baada ya saa mbili watakapokuwa wameshika mawe. Baada ya hapo, kazi yako kubwa ni kutogusa. Usisafishe vioo vya kimbilio, kwa sababu ule utando wa kahawia unaokuudhi ndio malisho. Usitie samaki humo, hata mdogo, hata kwa siku mbili. Kila baada ya siku mbili tia matone ya mwani mdogo wa kijani unaouzwa kwenye chupa, au unga wa spirulina wa kiasi cha ncha ya kisu uliokorogwa vizuri. Maji yakibaki na rangi siku ya pili, umezidisha.

Sasa jambo ambalo limeua makimbilio mengi Kampala kuliko umeme: dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza, za koili na za kuchomeka ukutani ni za jamii ya pairethroidi. Mtu hazimsumbui sana, lakini kopepodi na kamba huuawa na kiasi kidogo mno ambacho vipimo vya nyumbani haviwezi kukionyesha. Pampu ya hewa huivuta kutoka chumbani na kuipuliza moja kwa moja majini. Chumba chenye tangi kisipulizwe kamwe. Tumia wavu madirishani na chandarua. Kama wapulizaji wa nyumba nzima wanakuja, funika matangi yote mawili, zima pampu za hewa, na uingize hewa safi kwa saa kadhaa kabla ya kuziwasha. Vivyo hivyo shaba: dawa za ugonjwa wa madoa meupe zenye shaba zitumike kwenye ndoo ya pembeni tu, kamwe si kwenye maji yanayofika kimbilioni.

Utajuaje linafanya kazi? Saa moja baada ya taa ya tangi kubwa kuzimwa, mulika kioo kwa tochi kutoka pembeni. Mwanzoni hutaona kitu. Baada ya wiki nne hadi sita utaona vidoa vyeupe vinavyokwenda kwa kurukaruka kwenye kioo cha kimbilio; endelea na Artemia kama kawaida. Vidoa hivyo vikionekana pia kwenye vioo vya tangi kubwa, alipo mandarini, maana yake wanazaliana kwa kasi inayopita ya kuliwa. Hapo mwangalie samaki kutoka juu: mwili nyuma ya kichwa unapaswa kuwa wa mviringo, usiwe na ukingo wa kisu. Akiwa hivyo wiki mbili mfululizo, punguza Artemia hadi mara moja kwa siku, na baadaye siku moja ndiyo, moja hapana. Tumbo likirudi kubonyea, rudisha chupa. Kwa lita 200 huenda ukalazimika kuendelea na chupa hiyo kidogo kidogo maisha yake yote, na kwa sababu hiyo hiyo, jamaa akikuuzia mandarini wa pili, kataa.